NANI KASEMA MTOTO WA KIUME HALII?

Ndugu msomaji, naanza na ugomvi, maana bila ugomvi huu hata kalamu nisingeishika.

Sisi waandishi chipukizi wa hapa Shinyanga mjini tuna kijiwe chetu. Tunakutana Jumamosi kwenye kibanda cha chai, tunasomeana tulichoandika, tunakosoana, na mara nyingine tunatukanana kidogo. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu. Nikasoma sura moja ya riwaya ninayoiandika kwenye kaunta buku tangu nimalize shule. Ni sura ya mtoto wa miaka tisa aliyepasuliwa tumbo, na usiku wake wa kwanza wodini. Nilipofunga daftari, jamaa yangu mmoja, kijana anayejua kuandika kweli, akacheka.

"Sasa hiyo nayo hadithi? Mtoto kapasuliwa, anaumwa. Ulitaka achekelee? Hiyo ni kawaida, bwana. Tuandikie dhahabu, tuandikie mapenzi, tuandikie wachawi. Na huyo mtoto wako mbona analialia? Mtoto wa kiume halii."

Washikaji wakaangua kicheko. Siyo siri, hata mimi nilicheka nao. Nikarudi nyumbani, nikakosa usingizi. Leo namjibu hapa hapa jaridani, mbele yenu nyote, kwa sababu nimegundua kuwa lile neno lake "kawaida" halikuwa geni masikioni mwangu. Nililisikia mwaka 2018, nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha hospitali, na nilipolisikia nililikubali. Hapo ndipo penye aibu yangu.

Nieleze. Nyumbani ni upande wa Kakola, kule kwenye dhahabu. Baba ni mchimbaji mdogo, mtu wa kushuka duarani na kupanda na viroba vya mawe. Mama anauza maandazi karibu na makarasha. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka tisa. Akashikwa na homa wiki mbili, tukampa dawa za malaria, tukampa mitishamba ya bibi, tumbo likavimba likawa gumu kama ngoma. Tulipomfikisha hospitali moja ya kanda yetu, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa nia yangu si kuchongea mtu, wakasema taifodi imetoboa utumbo. Akaingizwa chumba cha upasuaji jioni ileile. Daktari alifanya kazi yake. Utumbo ulishonwa, tumbo likasafishwa, mtoto akatoka akiwa hai. Sina ugomvi na kisu.

Ugomvi wangu ni wa saa tatu usiku, nusu kaputi ilipomwishia.

Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu tangu nizaliwe. Nikamkimbilia nesi wa zamu. Alikuwa dada wa watu, mmoja, wodi imejaa mpaka watoto wanalala wawili wawili kitanda kimoja na mama zao chini ya vitanda. Akafungua faili. Akasema dawa ya maumivu iliyoandikwa ni ya "akihitaji", na ameshapewa. Dawa kali zaidi haikuandikwa. Daktari ameshaondoka. Yeye hawezi kutoa ambacho hakijaandikwa. Akafunga faili. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Alikuwa na ufunguo wa kabati, hakuwa na ruhusa.

Basi mtoto akaendelea. Wagonjwa wengine wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja aliyekuwa akimwuguza mjukuu wake akasema kwa sauti: "We kijana, mtoto wa kiume halii." Na mimi, kaka mtu, msomi wa kidato cha nne, niliweka kiganja changu juu ya mdomo wa mdogo wangu. Nikamwambia, nyamaza, unatuaibisha.

Akanyamaza. Alinyamaza moja kwa moja. Hakulia tena usiku ule wala kesho yake. Alilala amekakamaa, anapumua juujuu kama ndege aliyeshikwa, macho kwenye dari. Asubuhi walipopita madaktari, mmoja akamtazama akasema: "Huyu ametulia, anaendelea vizuri." Ikaandikwa.

Rafiki zangu waandishi, hebu lisikieni neno hilo. Ametulia! Sisi tunaojidai kazi yetu ni maneno, tumewahi kulichunguza? Mtoto amekata tamaa ya kusikilizwa, na karatasi inasema amepona.

Siku ya tatu homa ikarudi, kifua kikaanza kukoroma. Baadaye ndipo nilipoelezwa mambo yalivyo: mtu mwenye kidonda tumboni kinachouma hathubutu kuvuta pumzi ndefu, hathubutu kukohoa, hathubutu kugeuka. Makohozi yanabaki kifuani, mapafu yanashikwa. Kwa hiyo maumivu hayaishii kwenye kuumiza tu. Yanachelewesha kupona, na mara nyingine yanaua. Huo ndio "ukawaida" mnaouimba.

Siku hiyohiyo akaingia zamu nesi mwingine, mama mtu mzima. Huyu alianza kwa kumsalimia mama: "Mwangaluka, mayu." Akavuta ndoo ya kufulia, akaigeuza, akakaa juu yake ili awe sawa na mtoto. Hakumwuliza "unaumwa?", maana mdogo wangu alikwisha jifunza kujibu "hapana". Alichukua kipande cha boksi la dripu, akachora kwa kalamu nyuso tano, ya kwanza inacheka, ya mwisho inabubujika machozi. Akamwambia kwa Kisukuma: nionyeshe wewe ni yupi hapa. Mtoto akaangalia kwanza upande wangu. Halafu akaweka kidole kwenye uso wa mwisho.

Yule mama alikwenda kwa daktari na boksi lake mkononi. Akarudi na maandishi. Parasetamo kila baada ya saa sita, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, alie asilie. Sindano ya maumivu nusu saa kabla ya kusafisha kidonda, wala si baada ya kelele. Akamfundisha mama kukunja kanga na kuikandamiza juu ya tumbo mtoto anapotaka kukohoa. Kila alipopima homa alileta boksi lake, akaandika mtoto amegusa uso gani. Siku ya tano mdogo wangu aliketi akaomba soda.

Sasa tuache machozi, tujenge hoja.

Hoja yangu ni moja: maumivu ya mtoto baada ya kupasuliwa yawekwe mikononi mwa nesi. Namaanisha nesi awe na mafunzo, kipimo, ruhusa iliyoandikwa na dawa kabatini. Daktari anapita mara moja asubuhi. Nesi ndiye yuko pale saa nane za usiku. Kumwachia maumivu mtu ambaye hayupo ni sawa na kumwajiri mlinzi anayelala kwake.

Najua majibu yenu. Nitayachukua moja moja.

La kwanza: "Mtoto mdogo hasikii maumivu kama sisi, na akisikia anasahau." Msidhani hayo ni mawazo ya kijijini. Mwaka 1985, katika jiji la Washington, Marekani, kichanga aitwaye Jeffrey Lawson, aliyezaliwa kabla ya wakati, alipasuliwa kifua akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu asiweze kujitikisa, bila dawa ya kuzuia maumivu. Alikufa wiki chache baadaye. Mama yake, Jill Lawson, alipogundua, aliambiwa kwamba haijathibitishwa kuwa vichanga kama hao wanasikia maumivu. Mama yule hakukubali. Aliandika barua mpaka magazeti yakamsikia. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake huko Oxford, Uingereza, wakachapisha matokeo yao: vichanga waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata matatizo machache zaidi baadaye kuliko wale waliokosa. Mwaka huohuo madaktari wa watoto wa Marekani wakatoa tamko kubadili msimamo. Nataka mlione hili: aliyeianzisha vita ile hospitalini hakuwa profesa. Alikuwa mama mwenye kalamu.

Na kuhusu kusahau: miaka minne baada ya upasuaji ule, mdogo wangu alivunjika mkono akicheza mpira. Aliuficha siku tatu ndani ya sweta, kwa joto la Kahama, kwa kuwa aliogopa kurudishwa hospitali. Amesahau nini huyo?

La pili: "Maumivu hayapimiki, kila mtoto anadeka kivyake." Yanapimika. Zile nyuso za yule nesi hazikutoka kichwani mwake tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa Tulsa, Oklahoma, nesi Donna Wong na mwenzake Connie Baker, wakiwahudumia watoto walioungua moto, waliwapa watoto penseli wachore wenyewe nyuso za mtu anayeumwa. Kutoka hapo kikazaliwa kipimo cha nyuso ambacho leo kimeenea duniani. Kwa mtoto asiyeweza kusema, kiko kipimo kilichotoka Michigan mwaka 1997: nesi anatazama uso, miguu, jinsi mwili unavyojinyonga, kilio, na kama mtoto anabembelezeka. Kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10. Hakihitaji umeme wala mashine ya kutoka ng'ambo. Kinahitaji macho na dakika mbili.

La tatu: "Dawa hizo ni hatari. Zitasimamisha pumzi, zitamfanya teja." Hili nalichukulia kwa uzito. Mofini ikizidishwa inaweza kusimamisha pumzi, kweli. Ndiyo maana nasema nesi. Mtu wa kuhesabu pumzi za mtoto usiku kucha ni nani mwingine? Iko dawa ya kuirudisha pumzi, naloksoni, nayo inapaswa kukaa kabati moja na mofini. Na si kila mtoto anahitaji mofini. Parasetamo ya saa kwa saa, ikiongezewa dawa kama ibuprofeni pale daktari anapoona inafaa, na ganzi inayochomwa kwenye kidonda pale pale chumba cha upasuaji, zinafanya kazi kubwa ajabu. Shirika la Afya Duniani limeziweka parasetamo, ibuprofeni na mofini katika orodha yake ya dawa muhimu kwa watoto tangu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 2007. Kuhusu uteja, Marekani walizama kwa kumwaga vidonge mitaani kama karanga, tangu kampuni ya Purdue ilipoanza kuuza OxyContin mwaka 1996. Sisi tunazungumzia mtoto aliye kitandani, siku tatu au nne, dawa mkononi mwa nesi. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilikuwa zikipata tani 0.1. Jirani anakufa kwa kuvimbiwa, wewe unafunga chungu kwa hofu ya kuvimbiwa, na wanao hawajala.

La nne: "Nesi si daktari, sheria hairuhusu." Sheria huandikwa na watu. Uganda, jirani zetu hapa, walibadilisha kanuni mwaka 2004, wakaruhusu manesi na matabibu waliosomea uangalizi maalumu kuandika mofini ya kunywa wao wenyewe. Kazi hiyo ilisukumwa na watu wa Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993. Nakiri, kanuni ile ililenga zaidi wagonjwa wa saratani na ukimwi, haikuwalenga watoto waliotoka kupasuliwa. Lakini ilithibitisha jambo moja: nesi akifundishwa, anaaminika. Na kwetu si lazima tuanze na kuandika mofini. Tuanze na agizo moja la daktari, lililoandikwa kabla mtoto hajatoka chumba cha upasuaji, linalosema: akigusa uso wa pili mpe hiki, akigusa wa nne ongeza hiki, pumzi zikishuka chini ya kiwango hiki acha na uniite. Agizo kama hilo lingekuwepo kwenye faili la mdogo wangu, yule dada wa zamu angefungua kabati.

Tena wana wa Shinyanga na Geita, tusidanganyane. Tangu mwaka 2010 hivi, kampeni ya tohara ya kuzuia ukimwi ilipofika kwetu Usukumani, ambako jadi yetu haikuwa na jando la kukata, ni nani waliowatahiri vijana kwa maelfu? Wengi wao walikuwa manesi! Nesi alipewa mafunzo ya wiki chache, akachoma ganzi, akakata, akashona, akatoa dawa ya maumivu na karatasi ya maelekezo ya kwenda nayo nyumbani. Nchi nzima ikampigia makofi. Na nusu kaputi yenyewe katika hospitali zetu nyingi inatolewa na nani? Na nesi wa usingizi. Yaani nesi anaaminiwa kukata, anaaminiwa kulaza, ila kutuliza maumivu asubuhi isubiriwe. Huu ni utaratibu au ni mazoea?

La tano, na hili ndilo mnalolipenda: "Nchi haina fedha." Parasetamo ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa dukani. Tunasema hatuna fedha tukiwa tumekaa juu ya dhahabu. Mwadui wanachimba almasi tangu 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya, wanaoshuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Watoto hao ndio wanaoangukiwa na mawe, ndio wanaovunjika, ndio wanaofikishwa wodini usiku. Tunajua gramu ya dhahabu inauzwaje leo asubuhi. Kwa mtoto aliyeumia tunajua kumwambia "vumilia".

Hapa nawageukia ninyi waandishi wenzangu, maana kosa letu ni kubwa. Sisi ndio tunaotunga mashujaa wasiolia. Mimi mwenyewe riwaya yangu ilikuwa na jemadari aliyetolewa risasi begani huku ameuma kipande cha mti, hakutoa hata mguno. Nilijivunia sana sura ile. Nimeichana. Si kwamba uvumilivu si kitu. Novemba 2015 wachimbaji walitolewa hai kwenye shimo lililoporomoka Nyangalata, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa mizizi na wadudu. Sote tuliwavulia kofia. Lakini kuna aliyesema, kwa kuwa wamevumilia siku 41, waachwe siku nyingine 41? Uvumilivu ni kitu mtu anachokimbilia pale msaada unapokosekana. Msaada ukiwepo kabatini, kumdai mtoto uvumilivu ni ukatili, hata ukiuremba kwa methali.

Kiswahili chetu kina maneno ya maumivu kuliko hata vipimo vya wazungu. Kidonda kinapwita, jipu linafukuta, tumbo linanyonga, koo linakereketa, spiriti inachonyota, mshono unavuta. Kila neno linamwambia nesi kitu tofauti. Halafu wodini tunayafyeka yote, tunabakiza moja: "ametulia." Kama kweli ninyi ni waandishi, nendeni mkawarudishie watoto maneno yao. Kaeni na bibi mmoja anayeuguza, mkamsikilize anavyoeleza. Andikeni hadithi ambamo mtoto anasema "hapa panapwita" na mtu mzima anamwamini.

Kwa wakubwa wa Wizara ya Afya na Baraza la Uuguzi na Ukunga, najua jarida letu dogo huenda lisiwafikie. Lakini likiwafikia, ombi langu ni fupi. Maumivu ya mtoto yaulizwe na yaandikwe kila homa inapopimwa. Agizo la dawa liandikwe kabla ya usiku kuingia. Manesi wafundishwe, waongezwe, na wapewe ruhusa ya kutenda. Na kile kipande cha boksi chenye nyuso tano kichapwe, kipelekwe kila wodi ya watoto, kuanzia huku kwetu machimboni.

Mdogo wangu leo ni kijana, ananizidi urefu. Wiki iliyopita nilimwomba radhi kwa kile kiganja. Akasema hakumbuki. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: "Yule mama wa boksi yuko wapi siku hizi?"

Na wewe jamaa yangu wa kijiweni, Jumamosi nakuja na sura ileile. Sijapunguza hata kilio kimoja. Chai nitanunua mimi.